Asemani?

Nyanya aliuliza mara tatu.

Mara ya kwanza nilijua ni masikio yake. Ana miaka 84, na siku hizi ukimwita ukiwa uani hugeuka akatazama barabarani. "Asemani huyo?" akaniuliza, akiashiria jukwaani kwa kidevu. Nikamwambia, "Ngoja nyanya, nisikize." Mara ya pili mwimbaji alikuwa tayari kwenye kiitikio, nami nikatanabahi kwamba nimekaa pale dakika nzima bila kushika hata mshororo mmoja. Mara ya tatu hakuniuliza mimi. Aliwageukia kina mama wa meza ya nyuma, na mmoja wao ni mtu anayejua nyimbo za kale kama anavyojua majina ya wanawe. Yule mama akatikisa kichwa.

Hakuna aliyejua.

Ilikuwa harusi ya binti ya shangazi yangu, katika ukumbi mmoja hapa kisiwani Mombasa ambao sitautaja. Siubezi, ni ukumbi wa kupendeza: vigae vinavyong'aa hadi unaona viatu vyako mara mbili, dari ya jipsamu iliyochongwa maua, madirisha makubwa ya kioo yaliyofungwa kabisa ili viyoyozi vifanye kazi. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, pazia katikati. Jukwaani mzee wa udi, kinanda, ngoma, na bwana mmoja wa tashkota, kile chombo cha nyuzi chenye vibonyezo, ambaye nilifurahi kumwona, maana nilidhani chombo chenyewe kimeshakufa. Spika mbili zenye kimo cha mtu.

Udi tuliusikia. Ngoma tuliisikia hadi kifuani. Kilichopotea ni maneno.

Sasa taarab isiyosikika maneno, mtu aende akafanye nini? Mtu ametoka Kisauni, amevaa buibui jipya, amevuka daraja la Nyali kwenye foleni, amekuja kusikia nani anapigwa fumbo na nani atainuka kumtunza mwimbaji kwa kuwa fumbo limempoza moyo. Fumbo lisiposikika amekuja kula biriani tu.

Nyanya alikula biriani yake, akasinzia, na saa 5 tukamrudisha Kibokoni. Ndani ya tuktuk akasema, bila hasira yoyote:

"Zamani twalikaa njiani, na tukisikia."

Maneno hayo yamenikaa kooni kwa wiki sita.

## Matakia

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya sauti huwatoa wanafunzi nje, wakapiga makofi mbele ya ukuta wa madarasa, tukapima mwangwi, tukapata mwendo wa sauti hewani: mita 340 na ushee kwa sekunde. Kengele ikilia tunakwenda zetu. Miaka yote hiyo haikunipitikia kwamba hesabu ile ina uhusiano wowote na harusi.

Usiku ule sikulala. Nikafungua simu, nikaanza kusoma, na nikamkuta Wallace Sabine.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa kimefungua jumba jipya la sanaa, Fogg, lenye chumba cha mihadhara ambacho hakikufaa kwa mihadhara. Mhadhiri akisema neno moja, lile neno lilizunguka humo kwa zaidi ya sekunde 5 kabla halijafa, na huku ameshasema mengine kumi juu yake. Wasikilizaji walikuwa wakiuliza kwa Kiingereza swali lile lile la nyanya. Mkuu wa chuo akamwita Sabine, mwalimu kijana wa fizikia mwenye miaka 27, akamwambia atafute dawa.

Vifaa vyake vilikuwa bomba la kinanda cha kanisani la kutolea sauti, saa ya kuhesabia sekunde, na masikio. Alifanya kazi usiku wa manane, mji ukishatulia. Na sasa ndipo nilipokaa kitako kitandani: alichukua matakia ya viti kutoka jumba jingine la chuo, Sanders Theatre, akawa anayabeba na wasaidizi wake kila usiku hadi Fogg. Huongeza matakia machache, akapima. Huongeza mengine, akapima. Kisha kabla ya alfajiri huyarudisha, maana asubuhi kuna watu watayakalia. Chumba kilipojaa matakia, sauti iliyokuwa ikikawia zaidi ya sekunde 5 ikawa inakufa kwa zaidi kidogo ya sekunde 1.

Alipima hata nguo zake mwenyewe. Aligundua kwamba koti alilovaa lina sehemu yake katika hesabu, akawa anavaa nguo zile zile kila akipima.

Kanuni aliyoipata mtoto wa kidato cha pili anaweza kuifanya. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.16, gawanya kwa kiasi cha sauti kinachomezwa na kila kilichomo humo: kuta, mapazia, watu. Jibu ni sekunde ambazo sauti hukawia. Na kipimo chake cha kumeza sauti kilikuwa nini? Dirisha lililo wazi. Kwa sababu sauti ikishatoka dirishani hairudi. Takia moja ni sawa na sehemu fulani ya dirisha wazi. Mtu mmoja aliyevaa nguo zake ni sawa na karibu nusu mita mraba ya dirisha wazi.

Nikamkumbuka nyanya kwenye tuktuk. Njiani hakuna dari. Mtaa mzima ni dirisha wazi.

## Sekunde mbili

Jumatatu nilirudi ukumbini kuchukua masufuria ya shangazi yaliyosahauliwa. Huo ndio uongo niliompa mlinzi, ingawa masufuria yalikuwepo kweli.

Nilipima kwa hatua: mita 30 kwa 15, na kwenda juu kama 6. Ujazo wa mita 2,700. Nikasimama katikati nikapiga kofi moja, simu ikirekodi. Mlinzi akachungulia. Kofi lile lilitembea. Lilikwenda likagonga kioo, likarudi, likapanda kwenye maua ya jipsamu, likashuka kwenye vigae. Hesabu yangu ilisema sekunde 6 ukumbi ukiwa mtupu; simu ikasema 5 na kitu. Mwanafunzi angeniletea jibu la karibu hivyo ningempa alama zote.

Wakijaa watu 300, kanuni inasema karibu sekunde 2. Lakini nyote mnajua harusi za hapa. Kadi imeandikwa saa 2, watu huingia saa 4. Mzee wa udi alipoanza tulikuwa labda 120, na kwa watu 120 sauti inakawia zaidi ya sekunde 3.

Kisha nikasoma kitu kilichonichanganya kabisa. Kanuni ya Sabine ilitumika kwanza kwenye ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900, na ndio ukumbi wa kwanza duniani kuchorwa kwa hesabu ya sauti tangu mwanzo. Hadi leo unahesabiwa miongoni mwa kumbi bora kuliko zote. Umbo lake ni kama sanduku la viatu: mrefu, mwembamba, dari juu. Na sauti inakawia humo, ukiwa umejaa, kwa takriban sekunde 1.9.

Karibu 2! Ukumbi wetu ukijaa una muda uleule wa Boston.

Nilicheka peke yangu chumba cha walimu. Kwa fidla 30 zinazopiga noti ndefu, sekunde 2 ni asali: noti hii inaikumbatia ile, sauti inanenepa. Kwa mtu mmoja anayetamka mafumbo mbele ya maikrofoni ni balaa. Silabi haijafa, ya pili imeikalia kichwani. Na spika ndizo zinazomaliza kazi, maana fundi akisikia maneno hayashikiki anaongeza sauti, na anachokiongeza ni ule mvumo.

Kwa hiyo "ukumbi mzuri" hakuna. Kuna ukumbi mzuri wa kitu fulani.

(New York waliujua huu ukweli kwa gharama. Walipokuwa wakijenga Philharmonic Hall, iliyofunguliwa 1962, walitaka viti zaidi ya vile mtaalamu wao wa sauti alivyoshauri, kuta zikatanuliwa, sanduku likawa na tumbo. Sauti ikaharibika. 1976 wakabomoa ndani yote wakajenga upya, na 2022 wakafungua tena baada ya kubomoa mara nyingine. Wenye kumbi zetu wanaoongeza viti hadi mlango wa choo wajue hawakuanza wao.)

## Ghala la kakao

Katikati ya haya binamu yangu baharia akaniletea picha kwa WhatsApp kutoka Hamburg. Hakujua ninachokisoma. Aliandika tu: "Dada, hebu tazama wenzetu wanaweka nini bandarini."

Picha ilikuwa ya jengo la matofali mekundu, zito, bila madirisha ya maana, kama godauni zetu za Shimanzi. Juu yake limekaa jengo la kioo lenye mapaa kama mawimbi ya kusi. Hiyo ndiyo Elbphilharmonie. Lile la chini ni ghala kweli: lilijengwa miaka ya 1960 kuhifadhi kakao, chai na tumbaku za melini. Makontena yalipokuja, ghala likakosa kazi. Badala ya kulibomoa, wasanifu wa Uswisi, Herzog & de Meuron, wakalichora upya na kupachika ukumbi wa muziki juu yake.

Nilisoma juu ya jengo hilo kama mtu anayesoma barua za mchumba wa mwenzake.

Ukumbi mkuu una viti 2,100. Lakini bandarini kuna honi za meli, na honi ya meli haigongi mlango. Basi ukumbi wenyewe, tani 12,500, wameutenga na jengo lililouzunguka, wakaukalisha juu ya springi 362, chumba ndani ya chumba. Kuta za ndani zimevishwa vipande 10,000 vya jipsamu iliyochanganywa na nyuzi. Ndiyo, jipsamu, ile ile ya ukumbi wetu, ila kila kipande kimechimbwa vishimo vya namna yake, kama kombe la baharini, ili sauti ikigonga isirudi nzima bali itawanyike vipande vipande. Mtaalamu wa sauti, Yasuhisa Toyota wa Japani, alijenga kwanza mfano wa ukumbi kwa kipimo cha moja kwa kumi, akajaza vikaragosi vilivyovishwa nguo mahali pa watu, akapima humo. Sabine angefurahi.

Ulitarajiwa kufunguliwa 2010. Ulifunguliwa tarehe 11 Januari 2017. Jiji lilikuwa limeambiwa litatoa yuro milioni 77. Lilitoa milioni 789. Katikati kazi ilisimama kwa zaidi ya mwaka, mjenzi na serikali ya jiji wakivutana, kreni zimening'inia juu ya maji. Nilisoma hapo nikajisikia nyumbani.

Jioni moja nikajikuta Shimanzi bila sababu. Ukipita kule alasiri unaisikia harufu ya chai kabla hujaona lori lolote. Chai ya Kericho, ya Uganda, ya Rwanda, yote hushuka hapa ikangoja mnada. Nikasimama nikaitazama paa moja ya mabati, nikaanza kupachika kioo juu yake akilini. Mbona sisi hatuna? Bandari tunayo, maghala tunayo, na muziki, Mungu atupe nini tena. Tuna Little Theatre Club kwa michezo ya kuigiza, tuna Tononoka kwa mikutano na sherehe, ua wa Fort Jesus tunautumia usiku wa tamasha, na tangu 2019 kuna bustani mpya ya Mama Ngina pale baharini. Lakini ukumbi mkubwa uliojengwa kwa ajili ya muziki peke yake, hapana. Mji alimoimba taarab Juma Bhalo, mji aliokaa Zein l'Abdin na udi wake, na mtu akitaka kusikiliza taarab kwa makini inabidi atafute kaseti ya duka la Mbwana Radio.

Niliandika makala yenye hasira usiku ule. Ilikuwa na kichwa kizuri.

Sikuichapisha, na nashukuru.

## Nyuma ya mgongo

Kilichonizuia ni habari moja ndogo ya Januari 2019.

Mwimbaji mashuhuri wa Ujerumani alikuwa akiimba Elbphilharmonie, kazi ya mtunzi Mahler ya sauti ya mtu na okestra kubwa. Viti vya ukumbi ule vimezunguka jukwaa pande zote, kwa hiyo kuna watu waliokaa nyuma ya mgongo wa mwimbaji. Sauti ya mtu hutoka mdomoni, inakwenda mbele. Okestra ikamfunika. Baadhi ya waliokaa nyuma wakainuka kutafuta viti vingine, na wengine wakapaza sauti katikati ya onyesho kwamba hawasikii kitu.

Soma tena taratibu. Yuro milioni 789. Springi 362. Vipande 10,000, kila kimoja na vishimo vyake.

"Asemani huyo?"

Sikuicheka Hamburg, maana okestra ikipiga peke yake, wengi husifu jinsi unavyosikia kila chombo kana kwamba umekaa nacho ubavuni. Lakini makala yangu ya hasira ilianguka pale pale. Nilikuwa nimelilia jengo, na nyanya hakuwahi kutaka jengo. Aliuliza swali la maneno mawili.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonikera zaidi, na hili sijalimaliza hata sasa. Kumbi zile zote zinadai kitu kimoja kutoka kwa msikilizaji: anyamaze. Mtu akikohoa anatazamwa. Sasa niambie taarab ya kunyamaza. Kaseti zile za harusi, ukisikiliza vizuri, nusu yake ni vigelegele, vikombe, mtoto analia, mwanamke anaitikia ubeti kabla haujaisha. Ukumbi unaomeza vigelegele si wetu. Ukumbi unaomeza maneno nao si wetu. Sijui kama kanuni ya Sabine ina mahali pa kuandika hilo.

## Duara

Katika kuchimba huko nikamkuta Hans Scharoun, mchoraji wa Philharmonie ya Berlin. Ilifunguliwa 1963, nayo tarehe 15 Oktoba, siku ile ile ya Boston. Nimeshindwa kufanya lolote na hilo ila kuliandika hapa. Scharoun alijiuliza kwa nini watu wanaposikia muziki umeanza ghafla mahali popote, husogea wakafanya duara. Hakuna anayewapanga. Ndipo akakataa sanduku la viatu, akaweka wanamuziki karibu na katikati, na watu akawapandisha pande zote kwa vitalu vya kimo tofauti, kama mashamba ya zabibu mlimani. Hamburg wamemfuata yeye, na ndio maana wana watu nyuma ya mgongo.

Nilitabasamu, maana ukienda kwenye ngoma ya chakacha uani kwa mtu utakuta hilo duara na halina mchoraji. Hata neno lenyewe. Sisi tunasema "ukumbi" tukimaanisha jumba la kukodi, lakini katika nyumba ya Kiswahili ya Majengo, ukumbi ni ile njia ya katikati, ukitoka barazani kabla hujafika uani, vyumba huku na huku. Mahali pa watu kupita, kukaa mkekani, kusikia kinachosemwa pande zote mbili. Upepo unaingia mbele unatokea nyuma.

Na nyumba za mawe za Mji wa Kale na Lamu, kuta zake nene za matumbawe zenye safu za zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinafanya ile kazi ya kutawanya sauti inayofanywa na masanamu na nakshi katika ukumbi wa Musikverein wa Vienna, wa mwaka 1870, uliojengwa kabla Sabine hajaanza shule. Sidai kwamba fundi wa Lamu aliwaza sauti alipochonga zidaka. Aliwaza vyombo vya china. Sidhani hata yule wa Vienna aliwaza sana. Ila mihirabu naamini waliijua: imamu anatazama kibla, watu wako nyuma ya mgongo wake, na ule mviringo wa ukuta unaichukua sauti yake ukairudisha kwa maamuma. Tatizo la Hamburg, msikiti wa mtaani umelitatua kwa chokaa.

Nilipofika hapa ndipo nilipoacha kuwaza Shimanzi nikaanza kuwaza magodoro.

## Magodoro

Kulikuwa na harusi nyingine wiki ile ya sita, ya ndugu wa yule bibi harusi, ukumbi ule ule. Tulikuwa tumeshalipa, hakuna kubadilisha.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mikeka. Mikeka kuta nzima! Nilimwendea shangazi nimejaa furaha, kisha nikarudi nyumbani nikapiga hesabu, nikaona haya. Mkeka mwembamba uliobandikwa ukutani haumezi kitu cha maana; sauti inapita, inagonga saruji, inarudi. Kinachomeza ni unene wenye matundu ndani yake, hewa iingie ipotelee humo. Sponji.

Na nyumba ya harusi ina nini kuliko sponji? Wageni wa Lamu na Malindi walikuwa wamelazwa nyumba tatu za ukoo. Nilihesabu magodoro 24.

"Mwanangu," shangazi akaniambia, "watu watasema tumekuja kuuza magodoro."

"Tutayavisha leso, shangazi."

Na hapo fizikia ilikuwa upande wangu, kwani nguo nyepesi haizuii sauti. Inapita kama hewa ikaingia kwenye sponji. Tulivisha leso mbili mbili, majina yake yakisomeka, tukayasimamisha ukuta wa nyuma mkabala na spika. Mpambaji tuliyemkodi aliudhika hadi alipoona watu wanapiga picha pale. Madirisha ya upande wa bahari nikayafungua, kiasi cha mita 20 mraba, nikavumilia kelele za bodaboda na lawama za joto. Kwa watu 120 hesabu ikashuka kutoka zaidi ya sekunde 3 hadi 2 na robo. Bado si nzuri. Sikumwambia mtu.

Kazi ngumu ilikuwa ya fundi wa spika. "Madam, watu wanataka besi." Nikamwambia mama wa miaka 84 hataki besi. Akanitazama kama wanafunzi wangu wanavyonitazama. Mwishowe akapunguza, kwa nusu ya nilichoomba, na spika akaziinamisha zitazame watu badala ya dari.

Kisha mzee wa udi. Nilimwamkia, nikamweleza kwa kuzunguka kwamba tungependa asipande jukwaani; akae chini, ubavuni mwa ukumbi, pale pazia linapoanzia, wanaume kushoto kwake na wanawake kulia. Nilitarajia akasirike, maana jukwaa ni heshima. Akauliza swali moja tu: "Kuna zulia?" Nikamwambia lipo. "Basi," akasema, "ndivyo tulivyokuwa tukikaa."

Kutoka jukwaani hadi meza ya mwisho ilikuwa karibu mita 30. Kutoka pale alipokaa hakuna aliyekuwa mbali naye zaidi ya 20 hivi, na nyanya nilimweka mita 4.

Saa 4 na nusu akaanza. Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa za kupasha moto, watu wanaingia, vijiko, watoto. Wimbo wa tatu udi ukashuka peke yake, ngoma ikanyamaza, na nikasikia:

"Mlango ukiugusa, ujuwe nani u ndani
Si kila penye kitasa, mna mwenyewe nyumbani."

Kila silabi. Nilitaka kupiga makofi kwa ajili ya magodoro.

Upande wa wanawake ukalipuka. Kigelegele kimoja, kikafuatwa na kumi. Yule mama wa meza ya nyuma, anayejua nyimbo za kale, akajifunika uso kwa mtandio akicheka mabega yakimtetemeka, na kuna mwanamke mmoja karibu na mlango aliyeinuka ghafla akaenda nje kutazama simu yake. Nyanya alikuwa ameinamisha kichwa, anatingisha taratibu. Kisha akaanza kufungua fundo la leso yake, lile ambalo hulifungua kwa mambo mazito tu, akatoa noti ya 500 iliyokunjwa mara nne.

Nilikuwa nimesikia maneno yote. Sikuelewa hata moja: mlango wa nani, kitasa gani, na yule mwanamke ametoka kwa nini.

Nikamwinamia.

"Nyanya, asemani?"

Akanitazama, akautazama ukuta wa magodoro, akanitazama tena.

"Hayo si yako," akasema, akashika mkono wangu ainuke akamtunze.